Samli ya Msafiri

Eucabeth alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ukamzoea. Ungemkuta asubuhi amekaa mbele ya mafiga, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi, usingedhani anapika. Ungedhani anakesha msibani. Na kweli palikuwa na msiba uliokuwa unabisha hodi mlangoni pake, ila yeye alikuwa ameuegemea mlango kwa ndani asiufungulie.

Chunguni mlikuwa na samli ya mumewe, Makori.

Makori alipochukuliwa kwenda Keya, kupigana vita vya Wazungu huko Burma, mama yake alikuwa bado hai. Yule mama alimkamua ng'ombe mwekundu, ng'ombe wa Makori mwenyewe, akasukasuka maziwa, akapata siagi, akaiyeyusha ikawa samli, akajaza kibuyu chenye shingo ndefu na kukitundika juu ya moto katika nyumba ya mwanawe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya boma la mzee Ongeri, baba yake Makori, kule Kiogoro. Mwanamume akienda safari ndefu anawekewa samli ya ng'ombe wake, na siku akirudi, hiyo ndiyo inayogusa mdomo wake kwanza, kabla ya maji, kabla hata ya maneno ya mkewe, ambayo pengine ni makali kuliko pilipili.

Kisha mama akafa. Ng'ombe mwekundu naye akachukuliwa na serikali kwenda kuwa nyama ya askari. Huenda Makori alimla ng'ombe wake mwenyewe huko Burma, ametiwa mkebeni, akamsifu. Ikabaki ile samli. Ikiisha hiyo, hakuna nyingine.

Vita vikaisha. Vijana wengine wakarudi na makoti mazito, mablanketi, na tabia mpya ya kuulizia chai kabla ya kusalimia. Makori hakurudi. Mmoja alisema alimwacha hospitali, huko India. Mwingine alisema ana mke wa huko, mwenye pete puani. Wa tatu alipoulizwa aliinamia pombe yake ya busaa akanyamaza, na huyo wa tatu ndiye aliyemkosesha Eucabeth usingizi.

Aliyefurahia ukimya ule alikuwa Zachariah. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Ongeri, kwa hiyo kwa Makori alikuwa ndugu, na kwa Eucabeth shemeji. Alikuwa na mke, baiskeli, na jino moja la mbele lililotangulia mengine kwenda kuamkia watu. Kwa mila, mwanamume akifa, mkewe haendi kokote. Ndugu mmoja anaingia nyumba ile, analima shamba lile, anawasha moto ule. Zachariah alikuwa ameshaliangalia lile shamba la Makori, lenye migomba mizuri na kisima karibu, kama mtu anayeangalia nyama iliyo kwenye sahani ya mwenzake. Akaitisha wazee.

Wazee walikaa kando ya ghala la wimbi, mzee Manasseh akiwa mkubwa wao. Manasseh masikio yalikuwa yamestaafu zamani. Ulisema naye kwa kupiga kelele, na alisikia anachotaka.

"Vita vimeisha," Zachariah alisema. "Waliorudi wamerudi. Mjane hawezi kukaa hivi hivi."

"Mjane yupi?" Ongeri akauliza.

"Baba mdogo, sote tunajua..."

"Mimi sijui. Nimeuliza mjane yupi."

Eucabeth alikuwa nyuma ya ukuta wake wa udongo, amejifanya anapepeta wimbi, na ungo haukutoa sauti hata kidogo.

Ndipo Ongeri akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Alisema samli ya msafiri inajua habari za mwenyewe. Msafiri akiwa hai, hata kama yuko mwisho wa dunia, samli yake inakaa tamu. Akifa, inachacha. "Siku samli ya Makori ikichacha," akasema, "tutanyoa nywele, tutalia, na wewe Zachariah utasema unayotaka kusema. Kabla haijachacha, asiitwe mtu mjane katika boma langu."

Wazee walitazamana. Hiyo mila ilitoka wapi? Lakini Ongeri alikuwa mzee kuliko wote pale ukimwondoa Manasseh, na Manasseh alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Pengine alikuwa anasinzia. Zachariah naye akacheka akakubali, maana kila mtu anajua samli ya kibuyuni haivuki misimu mingi. Ilishakaa sana. Mvua moja ya haja, akafikiri, na mambo yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Eucabeth alimsikia baba mkwe wake nje, anazungumza na mbuzi.

Hapa lazima tuelewane kuhusu huyo mbuzi. Abagusii wana kitu wanakiita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana, na zaidi kati ya baba mkwe na mkaza mwana. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hamgusi mkaza mwana. Hasemi maneno mazito mbele yake. Kusema habari za kawaida hakukukatazwa, lakini Ongeri alikuwa mtu wa kuongeza chumvi hata kwenye heshima. Zamani maneno yake yote kwa Eucabeth yalipitia kwa mkewe. Mkewe alipokufa alitafuta mtu wa katikati, hakumpata, akamteua mbuzi, beberu mzee aliyevunjika pembe moja.

"Wewe mbuzi," Ongeri alikuwa anasema, "jana ulisikia nilivyosema mbele ya wazee?"

Mbuzi alitafuna.

"Basi kama ulisikia, usikae kama gogo. Mtu mwenye samli ya kutunza hakai tu akaitazama. Kuna majani hapa kwenye ganda kavu la mgomba. Yanachemshwa kwenye maji kidogo, polepole, mpaka maji yawe mekundu kama chai ya padri. Yanachujwa. Yale maji yanatiwa kwenye samli, inapikwa kwa moto mdogo mpaka maji yaishe yote. Utajua yameisha samli ikiacha kulialia. Kisha inarudi kibuyuni. Mwezi ukiandama, unarudia. Umesikia, mbuzi?"

Eucabeth alisimama nyuma ya mlango. Hapo ndipo alipoelewa. Yule mzee aliyesema samli ndiyo itakayoamua alikuwa amekuja alfajiri, na umande miguuni, kuihonga samli.

"Mbuzi," akajibu kwa ndani, "mwambie aliyekutuma umesikia."

Yale majani yalikuwa ya tumbo. Ongeri alikuwa akitibu watu tumbo na homa za watoto, na mti wenyewe watoto waliuita mti wa kukunja uso, kwa jinsi ulivyo na ukakasi. Ukimeza maji yake, ulimi unajikunja kama jani lililonyauka, na unabaki hivyo mpaka jioni. Yeye mwenyewe aliyanywa kila siku, na labda ndiyo sababu alikuwa mzee wa mifupa mitupu isiyooza. Lakini wenye dawa ni wachoyo. Ongeri hakuleta jani zima hata siku moja. Aliyakausha kivulini, akayaponda, akayafunga, usije ukayatambua ukaenda kujichumia.

Kazi ilianza hivyo, na haikuwa kazi ndogo. Moto ukizidi, samli inaungua. Ukipungua, maji yanabaki ndani, na maji yakibaki ndiyo yanayoiozesha. Ilibidi kukaa pale, kuni moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Na ukimaliza hapo, wimbi linangoja palizi, ng'ombe wa watu wako kwenye migomba, maji hayajatekwa. Mikono ya Eucabeth iliingia rangi ya yale majani, ikawa kahawia mpaka kwenye kucha. Kanisani, akina mama wakimshika mkono wa salamu, walimuuliza kama siku hizi anatengeneza ngozi.

"Natengeneza mume," alikuwa akijibu.

Na samli ikakaa. Sikwambii ilikuwa mpya, hapana. Ilikuwa na ukijani kidogo, na harufu ya kichaka baada ya mvua. Lakini ilikuwa tamu. Zachariah alikuja kuinusa kila mara, maana yeye shemeji aliruhusiwa kuingia. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaingia bila hodi, akaishusha pua yake kibuyuni.

"Shemeji, samli yetu haijambo?"

"Yetu na nani?"

"Naona bado."

"Ulitaka uone nini? Nywele zimeota ndani?"

Alitoka kila mara na uso wa mtu aliyefungua barua ya mwenzake akakuta haina kitu.

Kisha ikaja masika nzito, mvua ya kila siku saa nane, na Ongeri akaugua. Kifua. Alilala nyumbani mwake, na Eucabeth alimwekea uji mlangoni na kurudi nyuma. Mwezi ukaandama. Majani hakuna. Mwezi ukafa, ukaandama mwingine. Siku moja Eucabeth alizibua kibuyu na pua yake ikasimama. Haikuwa imechacha, hapana. Lakini nyuma ya ule utamu palikuwa na kitu kidogo kikali, cha kukwaruza kooni, kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Alikaa chini. Alikaa muda mrefu, kibuyu mapajani. Na jambo la aibu lililomjia kwanza halikuwa huzuni, lilikuwa afueni. Alifikiri, kama ingechacha leo, ningelala. Wangenyoa nywele, wangelia, nami ningelala siku nzima. Halafu akakumbuka ambaye angemkuta amelala karibu yake akiamka, na lile jino lake, akasimama.

Alimfungua beberu, akamvuta kwenye tope mpaka mbele ya nyumba ya baba mkwe wake, akamsimamisha hapo mvuani.

"Mbuzi!" akaita, sauti juu. "Kuna mtu anauliza ule mti wa tumbo uko wapi, na ukoje. Samli imeanza kukohoa."

Ndani kikatoka kikohozi, kirefu, cha kuvunja mbavu.

"Mbuzi," sauti ya Ongeri ikatoka, nyembamba, "mwambie huyo mtu dawa haitajwi hovyo."

"Mbuzi, mwambie basi Zachariah ajitayarishe kuoga, maana kesho anahamia!"

Mvua ikagonga paa la nyasi. Mbuzi akajikung'uta, akamrushia Eucabeth maji yote.

"Mbuzi," Ongeri akasema mwisho, "wewe umekula shuka langu. Umekula kofia ya kanisa. Umekula ufagio na kamba uliyofungiwa. Hakuna kitu ulichokataa maisha yako yote isipokuwa kichaka kimoja kule mtoni, chini ya mteremko. Siku ile ulikitia mdomoni ukakitema, ukaniangalia kama nimekutukana. Huyo mtu akikupeleka huko, utamwonyesha mwenyewe."

Eucabeth alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu ng'ombe mwekundu aende, hakuwa amecheka hivyo. Akashuka na beberu mtoni, wote wawili wamelowa chapachapa, na ndivyo ilivyokuwa. Beberu alikula kila kitu njiani, majani ya watu, mahindi ya watu, mpaka walipofika kwenye kichaka kimoja chenye majani membamba, mgongo mweupe kidogo. Hapo alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akakunja mdomo. Eucabeth akachuma jani, akalitafuna. Ulimi ukajikunja. Ndilo.

Hakungoja kukausha. Alichemsha mabichi, mengi, maji yakawa mekundu karibu na weusi, akaipika samli asubuhi nzima mpaka ikaacha kulialia. Ilipopoa akanusa. Yule mkohoaji wa chumba cha pili alikuwa bado, lakini mbali sana, na ungelazimika kumjua ndipo umsikie.

Mwezi uliofuata Zachariah alinusa, akasimama, akamtazama mikono.

"Hii samli ina dawa," alisema.

"Ina chumvi pia. Unataka kujua na kuni?"

"Mimi sichezi, shemeji. Wewe unainusa mwenyewe, unasema mwenyewe ni tamu. Baba mdogo naye ananusa kwa kupitia mbuzi. Tutafute pua ya mtu asiye wa hapa."

Na kwa pua, katika nchi yote ile, hapakuwa na kama ya Hawo.

Hawo alikuwa Msomali wa Kisii mjini, mjane wa Gulled aliyekuwa akinunua ng'ombe na samli mpaka kule Nyamira. Gulled alipokufa, Hawo alikaa kwenye kile kiti chake barazani na kazi ikaendelea kama vile kiti ndicho kilichokuwa kikinunua. Kila siku ya soko wanawake walipanga madebe na vibuyu mbele yake. Alikuwa na kijiti kirefu cha kuchoma mpaka chini, maana wajanja wengine walijaza ndizi zilizopondwa, wakafunika samli juu. Akikukamata hakukutukana. Alikuuliza tu, kwa sauti ya soko zima, kama umeleta samli au umeleta chakula cha mchana.

Wakaenda siku ya soko. Zachariah mbele, anasukuma baiskeli iliyombeba mzee Manasseh. Nyuma Ongeri na fimbo, bado mdhaifu, anapumzika kila kwenye kona. Nyuma kabisa, kwa umbali wa heshima, Eucabeth na kibuyu kichwani. Beberu alibaki. Kwa hiyo safari nzima Ongeri hakuwa na wa kusema naye.

Hawo aliwasikiliza wote, miguu ameikunja chini ya shuka, jicho moja limefumba.

"Kwa hiyo," alisema, "mnataka niseme kama mtu amekufa, kwa kunusa mafuta."

"Sema tu kama imechacha," Zachariah alisema. "Mengine tutasema wenyewe."

"Lete, binti."

Eucabeth alitua kibuyu. Hawo akachoma kijiti mpaka chini, akakitoa, akapaka kiganjani, akasugua mpaka ipate joto. Akanusa. Akafumba na lile jicho la pili. Akanusa tena. Kisha akalamba, na Eucabeth alijua kwamba anamsikia yule mkohoaji.

"Hii ilipikwa lini?"

"Mume wangu alipokwenda Keya."

"Wallahi usinitanie."

"Sina nguvu za kukutania, mama."

Hawo akamtazama. Akatazama ile mikono ya kahawia, kucha zilizoingia rangi, na macho ya moshi. Kisha akamgeukia Zachariah.

"Haijachacha."

"Ina dawa!" Zachariah akaruka. "Wameishikilia kwa majani! Onja vizuri, mama, ina majani!"

"Kijana, na mimi yangu natia uwatu na hiliki, na hakuna aliyeniita mwongo. Umeniuliza kama imechacha. Kama ungetaka kujua ina majani gani, ungeniletea mbuzi."

Ongeri alitoa mlio kama wa mtu aliyepaliwa.

"Lakini nawe mzee," Hawo akamwambia, "hilo jani lako linazuia samli kuzeeka? Nipe kidogo nijipake usoni, mwezi huu kuna mtu anataka kuja kuniposa."

"Wewe umechelewa," Ongeri akasema. "Linazuia. Halirudishi."

Hawo alicheka, akapiga paja. Mzee Manasseh akauliza imesemwa nini, akaambiwa kwa kelele haijachacha, akasema vizuri, twendeni nyumbani.

Zachariah hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akanyoosha miguu.

"Sawa," alisema polepole. "Leo haijachacha. Tutarudi mvua ijayo. Tutarudi na ile itakayofuata. Mimi sina haraka, shemeji. Majani yanachumwa na mtu, kuni zinakatwa na mtu, na mtu huchoka."

Eucabeth alilisikia neno hilo likimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliona masika na vuli na masika, moto mdogo, kuni moja moja, mvi zikimtoka mbele ya mafiga. Ongeri hatakuwepo. Beberu hatakuwepo. Na siku moja, siku yoyote, atasinzia, na samli itachacha, na Zachariah atakuwa amekaa kwenye ngazi hivi hivi. Alikitazama kile kibuyu. Amekuwa mke wa nani miaka hii yote, kama si wa kibuyu? Makori mwenyewe, Mungu amlinde alipo, hakupenda hata samli. Ilikuwa inamharisha.

Hapo ndipo akili yake, iliyochoka kama punda wa soko, ikasimama ghafla na kukataa kwenda mbele.

"Mama," akamwambia Hawo, "nyumbani kwako leo mmepika nini?"

"Anjera. Ziko jikoni, za moto."

"Watu hawa wametembea toka Kiogoro. Mzee anaumwa kifua. Kama una anjera, mimi nina samli."

Ongeri alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe kumwona baba mkwe wake anamtazama usoni, na mzee hakugeuza macho. Eucabeth aliona swali pale, na aliona huzuni, maana ilikuwa samli ya mwanawe, ilitoka mikononi mwa mkewe, na hakuna nyingine. Kisha akaona ile mikunjo ya uso wake ikianza kusogea mmoja mmoja.

"Mama," Ongeri akamwambia Hawo, kwa kuwa mbuzi hakuwepo, "katika boma langu, neno la huyo ndilo langu."

Hawo alikuwa mfanyabiashara. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akapiga kelele jikoni, na anjera zikaja kwenye sinia kubwa, laini, zenye matundu kama mzinga wa nyuki, pamoja na sukari na birika la chai. Eucabeth akapasha samli kidogo kwenye makaa ya birika, akamimina. Ile samli ikazama kwenye matundu yote. Harufu ya kichaka baada ya mvua ikajaa baraza mpaka waliokuwa na madebe sokoni wakageuka.

"Karibu, shemeji," Eucabeth akasema. "Ule, usije ukasema nimekutembeza na njaa."

Kwa Hawo mtu hakatai chakula. Hata askari kanga, wale wa chifu, walilijua hilo. Na Zachariah hakuwa mtu wa kukataa hata penye ruhusa. Alikunja anjera, akaitosa, akaitia mdomoni nzima, na jino likaifuata. Akakunja ya pili. Manasseh alikula kwa mikono miwili. Hawo alikula. Ongeri alikula polepole, mgongo amempa Eucabeth kwa heshima, na mabega yakatikisika kidogo, ikawa huwezi kujua anacheka au analia. Eucabeth alimimina na kumimina. Akatikisa kibuyu. Akakiinamisha, akakigonga kitako, na lililobaki likaanguka lote kwenye anjera ya Zachariah.

"Shemeji," akasema, "tamu?"

"Tamu," Zachariah akasema, mdomo umejaa, mafuta yanamtiririka kidevuni.

"Mzee Manasseh, umemsikia amesemaje?"

"Amesema tamu!" Manasseh akasema. Hilo alilisikia bila kupigiwa kelele.

"Basi na mama Hawo amesikia. Samli ya Makori ilikuwa tamu mpaka tone la mwisho. Wazee walisema ikichacha, tunyoe nywele." Akakiweka kibuyu chini, mdomo ukiangalia ardhi. "Ikichacha mniite. Niko nyumbani."

Zachariah aliacha kutafuna. Alikitazama kibuyu, akaitazama sinia, akautazama mkono wake unaong'aa. Ungemhurumia, ungekuwa na muda.

"Hii si haki!" alisema. "Mzee Manasseh, hii..."

"Ilisemwa ikichacha," Manasseh akasema, anafuta vidole kwenye blanketi. "Haikusemwa ikiliwa. Na wewe ndiye uliyekula nyingi."

Soko zima lilicheka, kwa sababu Hawo alianza.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Zachariah alikwisha kuondoka na baiskeli yake, na Manasseh alibaki kwa Hawo akidai hajasikia kwamba chai imeisha. Ongeri alitangulia, fimbo, kona, pumziko. Eucabeth nyuma, kibuyu kitupu kwapani, chepesi kama kitu kilichokufa. Kilikuwa hakina kitu cha kumpokelea mtu. Makori akitokea kesho kwenye ile njia ya migomba, atagusa mdomo wake kwa maji, na kwa maneno ya mkewe. Alijaribu kuyafikiri hayo maneno yatakuwa yapi. Alikuwa amechoka sana, hakuyapata.

Walipofika, beberu alikuwa amekata kamba, amekula nusu ya mlango wa ghala. Ongeri alisimama mbele yake kwa muda. Akafungua kinywa kusema naye, kama kawaida. Kisha akakifunga. Akageuka, si kabisa, ubavu tu, akakitazama kivuli cha Eucabeth kilichoanguka karibu na miguu yake kwenye jua la alasiri.

"Mke wa Makori," akasema. "Nenda ukalale."

Akaenda. Hakuuliza kama analala mke au mjane. Ilimradi hakukuwa na mtu tena wa kuingia na kumwamsha amwambie. Alilala na nguo za soko, jua likiwa bado juu, mikono ya kahawia chini ya shavu, na mafiga yakakaa baridi mpaka jioni.